Jaluba Walilolikataa Ndege

Ahadi niliitoa nikiwa nimesimama juu ya kiti cha plastiki. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, maana mtu akipanda kitini huona kila kitu kidogo.

Kilikuwa kikao cha tatu cha kamati ya harusi ya mdogo wangu wa kiume, uani kwetu, Dodoma mjini. Tulikuwa watu kumi na tisa. Nilipohesabu tena tukawa ishirini, kwa sababu mara ya kwanza nilijisahau. Wenzangu walitaja michango yao kwa sauti ya chini, kama watu wanaoungama kwa padri. Zamu yangu ilipofika, nikapanda kitini.

"Wali wa harusi hii ni juu yangu," nikasema. "Wageni mia nne, pamoja na ndugu watakaolala hapa wiki nzima. Na siendi kuununua sokoni kama yatima. Utatoka jalubani kwangu mwenyewe, Bahi. Gunia tatu za mpunga!"

Yatima ndiye nilikuwa kweli, mimi na mdogo wangu, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Posa ilipokwenda Mpwapwa, mama wa binti aliuliza ni nani atakayesimama kama mama wa kijana. Akajibiwa: dada yake, yule anayeuza ndoo na mabeseni sokoni. Mama yule aliguna tu. Guno lenyewe sikulisikia kwa masikio yangu, ila kila aliyenisimulia aliguna vilevile, kwa hiyo nikawa nalijua vizuri kuliko wimbo wa taifa. Gunia tatu zile zilikuwa za kulijibu guno.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba wetu. Ni mlinzi wa geti kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba, na kwa kuwafungulia wakubwa kila asubuhi ameokota lugha yao.

"Kamati imepokea," akasema. "Kwa hiyo, fungu la mchele linahamishiwa kwenye burudani."

Likahamishiwa kwenye matarumbeta, wapigaji saba, na malipo yakatangulia yote. Nami nikapiga vigelegele, kwa sababu nilikuwa bado kitini.

Jaluba, kwa asiyelijua, ni kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili maji yatulie na mpunga usimame miguu majini. Mimi nilikodi nusu ekari kwa msimu mmoja, kutoka kwa bwana niliyebishana naye bei mpaka akacheka, halafu mpaka akaacha kucheka. Mpunga wenyewe nilikuwa nikiujua ukiwa sufuriani tu. Sisi kwetu ni watu wa uwele. Utoto wangu umepita juu ya kichanja, na kombeo mkononi, nikifukuza ndege, na kila ninachokijua kuhusu shamba nilikijulia kwenye uwele: suke likisimama wima kama rungu, mwaka ni mzuri, likiinama, mdudu yuko ndani ya bua. Nikaibeba elimu hiyo nzima nzima, nikaenda nayo Bahi.

Akina mama niliowapa kazi ya kupandikiza walitaka kuacha shubiri kati ya mche na mche.

"Hiyo nafasi ya nini?" nikawauliza. "Nimekodi udongo au nimekodi uwazi?"

"Dada, mpunga unataka kupumua."

"Utapumua ukishavunwa."

Wakacheka, wakapanda nilivyotaka, miwili miwili palipostahili mmoja. Jaluba likajaa kama nywele za mbwa. Tatizo likawa kwamba miche iliisha kabla ya shamba. Kona ya chini, karibu na mfereji, ikapata mabaki tu, yamepandwa huku na huku kama meno ya babu. Kila nilipoitazama kona ile niliona nimepunjwa, na mwenye kunipunja ni mimi.

Kisha mbolea. Dukani nilibana bei ya urea mpaka muuzaji akanipa nusu mfuko juu, nyongeza, nitoke nimwache ahudumie watu. Nikaimwaga yote. Konani haikufika, maana sikuona sababu ya kulisha vibogoyo.

Upande wa pili wa tuta alilima mama mmoja mtu mzima, mwembamba, mwenyeji wa palepale, aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo mbolea unayomwaga, mpunga umekuomba?"

"Nimepewa nyongeza, mama. Bure kabisa."

"Ehee. Na ukipewa nyongeza ya dawa ya kuharisha utainywa?"

Nikacheka, nikamwaga.

Mpunga ukashika kijani cha kutisha, kijani ambacho kingekuwa kitenge ningekipandisha bei. Halafu madoa yakaja kwenye majani. Yalikuwa ya kijivu katikati, kahawia pembeni, yamechongoka huku na huku mfano wa jicho. Nilichuma jani moja nikahesabu macho kumi na moja. Kesho yake asubuhi, umande haujakauka, nikahesabu jani la jirani yake: kumi na saba. Nikaona mpunga unanikodolea macho kwa njaa. Nilikuwa na urea kidogo kwenye kopo. Nikaumwagia nayo hiyo.

Biashara ikanirudisha mjini wiki tatu. Nilipoondoka mpunga ulikuwa umebeba mimba, ndivyo wanavyosema Bahi bua likivimba kabla ya kutoa suke. Niliporudi ulikuwa umezaa.

Jamani! Masuke yalikuwa yamesimama. Meupe, makavu, wima, kuanzia tuta la juu mpaka karibu na mfereji, kama askari siku ya gwaride. Nikatazama kwa mama jirani: yake bado ya manjano-kijani, yameinama kama watu waliofiwa. Nikamwonea huruma, wallahi. Nikapima hatua moja ya mraba kwa mguu wangu, nikahesabu masuke: mia moja na nne. Yaliyosimama: mia moja na nne. Nikarudia. Mia moja na nne. Katika maisha yangu ya sokoni sijawahi kupata hesabu iliyokubaliana kiasi kile, hata na mimi mwenyewe. Nikavua viatu, nikapita juu ya tuta nikicheza, nikateleza nikaingia mferejini mpaka kiunoni, nikatoka bado nacheka.

Na ndege! Wingu la kwelea lilitokea upande wa mbuga, likapita juu ya kichwa changu, likatua lote kwa mama. Kwangu hakutua hata mmoja. Nilikuwa nimetundika mabeseni mawili mekundu yaliyopasuka, nikajua ni hayo tu, rangi imewatisha.

"Mama!" nikamwita. Alikuwa akipiga debe tupu kwa fimbo, akikimbia huku na huku na koti lake. "Nikuazime beseni moja?"

Alijibu kitu, ila debe likakimeza.

Nikampigia mjomba simu pale pale. Jumapili, watu walipotoka kanisani, kamati ikaja Bahi na gari la kukodi: mjomba, bwana harusi, na wajumbe saba. Wote watoto wa uwele, hakuna hata mmoja aliyewahi kuotesha punje ya mpunga. Waliposhuka na kuyaona masuke wakapiga kelele. Shangazi mmoja akafungua vigelegele ambavyo nadhani vilifika stesheni. Bwana harusi akanibeba mgongoni, mtu mzima mimi, akanizungusha jaluba zima akiimba, "Dada ana mali! Dada ana mali!" Mjomba akapanda kwenye tuta.

"Kamati imefika, imeona, na imejiridhisha," akatangaza. "Gunia tatu ni kuwatukana hawa. Hapa pana gunia kumi."

"Kumi na mbili," nikasema.

Picha zikapigwa. Mimi katikati ya masuke, mikono juu, masuke nayo juu. Zikaingia kwenye kundi la kamati kwenye simu, na ndani ya dakika chache mjumbe mmoja akasema ameshazirusha mpaka Mpwapwa, kwa mama wa binti, "ili ajue."

Hapo ndipo mama jirani alipovuka tuta.

"Habari zenu, wageni. Kuna sherehe?"

"Shikamoo, mama. Sherehe ni hii hapa!" mjomba akamwonyesha kwa mkono mzima. "Tazama mpunga ulivyosimama!"

Mama akautazama mpunga, halafu akatutazama sisi mmoja mmoja, kama daktari anayetafuta mgonjwa ni yupi.

"Ninyi ni watu wa uwele," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua."

Akachuma suke moja, akabana punje kwa kucha. Haikutoka kitu. Akabana ya pili. Akampa mjomba.

"Bonyeza, baba."

Mjomba akabonyeza. Akabonyeza nyingine, na nyingine. Wajumbe nao wakaanza kuchuma na kubonyeza, watu tisa kimya, kanga na suti za Jumapili ndani ya matope, mpaka shangazi wa vigelegele akanong'ona, "Mbona ndani hamna mtu?"

"Mapepe," mama akasema. "Maganda matupu. Mpunga ukishiba unainama, punje zinauvuta. Huu umesimama kwa sababu hauna cha kubeba." Akakunja suke akatuonyesha chini yake, pale linapoungana na bua: pete nyeusi, imeoza. "Tazameni shingo. Imekabwa. Chakula hakikupita. Hayo macho kwenye majani ulikuwa unayahesabu ya nini, mwanangu, kama hukuuliza yanatazama nini?"

"Lakini ndege, mama..." nikasema. Ndiyo silaha iliyokuwa imebaki. "Ndege waliogopa beseni."

"Ndege anahesabu mara moja tu. Ila yeye anafungua ndani."

Bwana harusi akaguna puani, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Mjomba akamkaripia, "Hili ni suala zito!" na yeye mwenyewe akapasuka. Tukacheka wote, tumeshikana mabega, huku shangazi akipiga kelele, "Picha! Ifuteni picha!" na mjumbe aliyeirusha akijibu, machozi yanamtoka, "Imeshajibiwa! Wamejibu vigelegele!"

Nilicheka kama wenzangu. Ila ndani ya tumbo guno lilikuwa limeamka, linajinyoosha.

Kesho yake mama jirani alimwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa kata, akaja na pikipiki, binti mwenye buti na subira. Akazunguka jaluba, akachana jani, akachana shingo.

"Ni kuvu, dada. Ugonjwa wa ukungu."

"Nani kaileta?"

"Hailetwi. Inalala kwenye mabua ya msimu uliopita, nyingine kwenye mbegu, na vumbi lake linapanda upepo. Likitua kwenye jani lenye umande linaota. Sasa likikuta mpunga umebanana hivi, asubuhi haukauki, linafurahi. Na likikuta mtu amemwaga urea mpaka majani yamekuwa laini kama mchicha..."

"Linafanyaje?"

"Linafanya harusi."

Kumbe msimu ule nilichangia harusi mbili, na hii nyingine nilitoa mchango mkubwa zaidi. Nikamwuliza kuhusu dawa, nikaanza na kuulizia kama kuna punguzo.

"Dawa ilikuwa ya wakati wa macho," akasema. "Sasa hivi utakuwa unampa marehemu kidonge. Ukivuna, mabua yote haya uchome, usiyaache shambani. Mbegu usihifadhi hata kikombe. Mwakani panda kwa nafasi, na mbolea uigawe kidogo kidogo." Akanyoosha kidole kule chini. "Pale nani alipanda? Yule anajua kazi."

Ilikuwa ile kona ya vibogoyo. Nikatembea mpaka pale. Kulikuwa na macho mawili matatu kwenye majani, lakini masuke yalikuwa yameinama, mazito, vichwa chini, yana adabu zake. Pale ambapo miche iliniishia na mbolea sikutaka kuifikisha, ndipo mpunga ulipopata hewa ukazaa. Nikabonyeza punje: ngumu. Nikabonyeza nyingine, maana sikuiamini ya kwanza. Na kwelea mmoja alikuwa ametua pale, ananitazama kama mteja aliyefika kabla duka halijafunguliwa. Nilimfukuza kwa furaha ambayo siwezi kuieleza.

Tulivuna jaluba lote ili nijue kilichopo. Kwenye kupepeta, ungo ukipanda tu, mali yangu yote iliruka. Mapepe yaliingia kwenye nywele, masikioni, kwenye chai. Mama jirani alikuja kunisaidia kwa koti lake la mvua, na ndipo nilipofahamu kazi ya lile koti. Nilipima kilichobaki kwenye turubai: debe mbili na nusu. Nikapima tena polepole, huku nikiacha punje zikae zenyewe kwa hiari. Debe mbili na nusu. Kilipotoka mashineni, mchele ulikuwa debe moja na bakuli.

Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa.

"Kamati ina swali moja tu," mjomba akasema kwenye kikao cha dharura. "Watu mia nne watakula nini?"

Fungu la mchele lilikuwa limeshaingia kwenye matarumbeta. Nilikuwa nimeshakwenda kubishana na kiongozi wao arudishe nusu. Alinisikiliza vizuri sana, halafu akanipulizia tarumbeta. Mtaji wangu ulikuwa umelala Bahi, umegeuka majivu kwenye tuta. Kwa hiyo, mbele ya kikao, nikampigia mama jirani, nikaweka sauti ya juu wote wasikie, nikamwomba mpunga kwa kubadilishana na ndoo.

"Ndoo ninazo," akasema. "Na mpunga wangu waliobakiza ndege umeshapata mwenyewe. Nyumbani kwenu hamna kitu ghalani?"

"Upo uwele tu, mama. Kijijini kwa shangazi. Mwaka huu umejaa mpaka mlangoni."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Mwanangu, ninyi suke mnalolijua ni moja tu. Si mpike hilo?"

Akakata simu. Mjomba alikuwa ameshika kichwa.

"Ugali wa uwele? Harusini? Mbele ya wakwe? Mtumba nitapitaje?"

"Utapita getini," shangazi wa vigelegele akamjibu. "Si ndiyo kazi yako?"

Kikao kilipiga kelele saa nzima, kisha kikapitisha, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kupitisha.

Siku ya harusi nilisimama mwenyewe kwenye sufuria ya wali, na kikombe cha kahawa mkononi. Kila sahani kikombe kimoja, nakijaza, nakigeuza, napiga kitako. Ukatoka mlima mdogo mweupe wa kupendeza. Pembeni yake shangazi anatua tonge la ugali wa uwele, la kijivu, linatoa moshi, kisha mlenda, kisha kuku.

"Dada, umenipunja," akasema kijana mmoja.

"Sijakupunja, nimekupimia. Songa mbele."

Nilikuwa nikingoja nyuso zikunjike, nasema kweli. Ila kitu cha kwanza kilichotokea ni kwamba wazee wa Mpwapwa wakavua makoti. Halafu wakasogeza vijiko pembeni, wakakunja mikono ya mashati. Halafu mmoja akasema kwa sauti, "Nani kaleta hii?" na kabla sijajificha akaongeza, "Aongeze!" Watu waliokuwa hawajagusa uwele tangu bibi zao wazikwe wakapanga foleni mara ya pili, mlenda unavutika mpaka kwenye tai zao. Mjomba, aliyekuwa amejificha nyuma ya spika, akatoka akawa anawakaribisha wageni kama yeye ndiye aliyelima. Wapigaji wa matarumbeta waliweka vyombo chini wakala wote saba. Nilihesabu tena wakawa wanane, sikutaka kuuliza.

Kisha mbele yangu akasimama mama wa binti. Sahani yake ilikuwa tupu upande wa ugali, imelambwa, na mlima wa wali umekaa upande wake haujaguswa.

"Ndiye wewe dada mtu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Picha ya shamba lako niliipata. Masuke wima! Nilipiga vigelegele, nikaita na majirani waje waone."

Watu wa uwele, wa Mpwapwa nao. Sikujua nicheke au nizame sufuriani.

"Ulikuwa mgonjwa, mama," nikasema. "Ule mpunga. Ulisimama kwa sababu ulikuwa mtupu. Nami sikujua."

Akautazama wali kwenye sahani yake, akautazama uliobaki sufuriani.

"Na huu ndio wote?"

"Wote, mama. Nimeupima mara mbili."

Akaguna. Sasa nililisikia mwenyewe, hatua moja kutoka puani kwake, na halikufanana hata kidogo na lile nililokuwa nikisimuliwa. Lilianzia tumboni, likapanda kifuani, likatoka limekuwa kicheko, mama wa watu akanishika bega asianguke.

"Basi huu wape watoto," akasema, akinisogezea sahani. "Mimi niongezee uwele."

Nikamwongezea. Tonge zima, na nusu juu, nyongeza.